Alama Nyeusi Jikoni

Mama mkwe wangu alipoambiwa ana presha, alishika masharti kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Chumvi aliikataa kwenye samaki, kwenye mlenda, hata kwenye nyama choma, na hapa Tarime nyama ndiyo heshima ya mgeni. Lakini kila akipimwa, presha iko palepale.

Aliyebaini chanzo ni binti yangu wa kidato cha tatu. Alizigeuza pakiti za jikoni moja baada ya nyingine, akamulika kwa tochi ya simu. Nyuma kabisa, kwa herufi ndogo za Kiingereza, akaikuta sodiamu: kwenye vipande vya kiungo tunavyovunjia mchuzini, na kwenye tambi za pakiti ambazo bibi yake alipikiwa jioni kwa ajili ya meno yake mabovu. Gramu 2 za sodiamu ni sawa na gramu 5 za chumvi, kama kijiko kimoja cha chai, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikie kiasi hicho kwa siku nzima. Mama aliyekulia ng'ombeni huko Mugumu angeyajuaje hayo? Jambo hili linaniuma mpaka leo. Mgonjwa ametii, na chumvi inamfuata ndani ya karatasi inayong'aa.

Binti alikuwa amesoma habari za Chile. Tangu Juni 2016, sheria ya huko inamlazimisha mtengenezaji kuweka mbele ya pakiti pembenane nyeusi kwa kila kilichozidi: sukari, sodiamu, mafuta mabaya au kalori. Tangu 2019, kikomo cha sodiamu kwa chakula kigumu ni miligramu 400 katika kila gramu 100. Akachukua kipimo hichohicho na maka peni, akachora rafu nzima. Viungo, tambi, majarini, biskuti, kila kimoja na pembenane yake nyeusi.

Siku ya pili, mimi nikiwa sokoni na yeye shuleni, wifi yangu akaingia kutoka Mugumu kumjulia mama yake hali. Akaenda jikoni kubandika chai.

Katika boma alilokulia, chupa iliyopakwa mkaa ilikuwa na maana moja tu: dawa ya kuogeshea ng'ombe, mtoto asiguse. Alipoona rafu yote imetiwa weusi, hakumuuliza mtu. Alibeba kila kitu, akakimwaga kwenye shimo nyuma ya migomba, akamtoa mama nje kwenye kiti, akawaita majirani. Niliporudi na kapu langu, uwanja umejaa.

"Wifi, mama amewakosea nini?" akaniuliza huku akilia.

Kikao kilikaa mpaka jua likazama. Mume wangu aliitwa kutoka kazini, wazee wawili wa mtaa wakaketi, na binti, bado na sare ya shule, akasimama mbele yao kueleza habari za Chile. Sauti ilimtetemeka mwanzoni. Mzee mmoja akauliza kama huko watu walijali. Akajibu kwamba watafiti walipopima manunuzi, vinywaji vya sukari vyenye alama vilikuwa vimepungua kwa karibu robo. Akataja na Ufaransa wanaotumia herufi, na Uingereza wanaotumia rangi za taa za barabarani.

Mama mkwe alinyamaza muda wote, kisha akasema, "Mjukuu wangu, aliyekitengeneza anajua alichotia. Mbona yeye hachori, mpaka uchore wewe?"

Hakuna aliyemjibu, nami nasema hilo ndilo swali la kulipeleka Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usimamizi wa chakula mwaka 2019. Alama ya mtoto mmoja kwenye rafu moja ilimtisha shangazi yake kwa sababu ni yetu peke yetu. Nataka alama moja, kubwa, ya mbele, kwenye kila pakiti, ikiwemo ile inayovuka mpaka Sirari, na watu wafundishwe maana yake redioni na kliniki.

Wifi alilala kwetu. Asubuhi alimwomba binti aende Mugumu likizo ya Desemba, aje na maka peni, lakini kwanza akae na akina mama wa kikundi chao na kuwaeleza, kabla hajagusa kopo la mtu.