Kuipa Mandhari Mgongo

Waingereza wa karne ya 18 walikuwa na namna yao ya kutazama mandhari: unaipa mgongo. Mtalii wa heshima, rangi zake za maji kwapani, alipanda mashua mto Wye, akashuka penye uzuri, akageuka, akatoa mfukoni kioo cheusi kilichobinuka na kuutazama mlima humo ndani, mdogo, umefifia, umetulia kama picha. Kioo kilipewa jina la mchoraji Claude Lorrain, ambaye wala hakuwa Mwingereza.

Mwalimu wao mkuu alikuwa kasisi, William Gilpin, aliyechapisha kitabu cha safari ya mto huo mwaka 1782. Alipofika kwenye magofu ya abasia ya Tintern, akaona ncha za kuta zimenyooka mno, zinamharibia picha. Dawa? Nyundo, alisema, ikitumiwa kwa busara. Mtu wa Mungu huyo! Na humo magofuni walijibanza masikini. Mmoja wao, mwanamke aliyejikokota kwa shida, aliwaongoza wageni, kumbe anawapeleka kwenye kibanda chake mwenyewe, kuta zinatiririka maji. Kasisi aliyaandika hayo pia, tusimwonee. Ila kilichohitaji kurekebishwa, kwa maoni yake, kilikuwa zile ncha.

Nawe unayecheka, umesimama Forodhani, simu umeinyoosha mbele, bahari na majahazi yake viko nyuma ya kisogo chako. Hebu geuka kwanza.