Kiswahili Changu Kinachelewa Kituo Kimoja

Kaa hapo kwenye benchi, jirani. Agiza kahawa, hela utatoa wewe. Mimi leo nina malalamiko tu.

Nani alisema naongea vizuri? Namtafuta. Maana pale kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, mimi ndiye redio. Simba na Yanga nachambua mimi. Bei ya mawese, mimi. Kwa nini mwezi ukiwaka dagaa wanaadimika, naeleza mimi, na mtumbwi sijawahi kupanda: taa ya mvuvi haina ubavu mbele ya mbalamwezi, dagaa hawaisogelei. Hata mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvuliwa miezi mitatu, toka Mei mpaka Agosti, aliyekuwa anawatuliza wavuvi ni mimi. Hawakutulia. Lakini niliongea.

Basi watu wakadhani anayeongea sana anajua kuongea. Mkosi ukaanzia hapo.

Kwanza ofisini. Nafuatilia karatasi ya kiwanja. Jina la ofisi silitaji, karatasi bado wanayo wao. Nikaingia na mdomo uleule wa kijiweni. "Oya braza, vipi, ile ishu yangu imefikia wapi?" Braza akaniangalia. Tai shingoni. Feni inampepea yeye peke yake. "Ndugu mwananchi, suala lako liko kwenye mchakato. Kuna changamoto. Andika barua."

Hebu niambie. Nimesimama mbele yake. Mdomo ninao. Masikio anayo. Eti niandike barua.

Nikaenda kwa kijana wa steshenari, akanichapia. Yah: Ufuatiliaji wa nini sijui. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwisho nikajikuta ni Wako katika ujenzi wa Taifa, mimi ambaye nyumba yangu imeishia kwenye lenta mwaka wa ngapi huu. Ila jirani, ile barua ilinipendeza! Niliisoma njia nzima. Hela ya chai nilikuwa nimemwachia kijana wa steshenari, kwa hiyo nilishindia barua. Mpaka nafika nyumbani nimeikariri yote.

Sasa posa. Mpwa wangu kapenda binti wa Ujiji, Kitongoni huko. Mshenga tuliyempanga akaugua asubuhi ya siku yenyewe. Wote wakageuka kunitazama. "Anko si unaongea?" Anko akavishwa kanzu ya kuazima, fupi, ndala zinaonekana zote na vidole vyake.

Ujiji ni jirani tu na Mwanga, bajaji haichukui muda, ila ukishuka umeshuka nchi nyingine. Mji wa kale ule. Misafara ya pembe za ndovu ilikuwa inapumzika pale wakati Kigoma haijui reli ni nini. Burton na Speke wanafika mwaka 1858, wafanyabiashara wa pwani wako hapo zamani, wanakunywa kahawa. Wazee wa pale Kiswahili chao kimefundishwa adabu. Hakiendi mbele, kinazunguka nyuma ya nyumba kwanza.

Tukapiga hodi, tukatoa salamu, tukakalishwa mkekani. Mzee wao mmoja, ndevu nyeupe, sauti ya chini, akaanza.

"Habari za huko mtokako?"

"Umeme ulikatika jana, mzee."

Akatikisa kichwa. "Ugeni huu mkubwa. Sijui mmepotea njia, ama ni kheri?"

"Hatujapotea. Dereva wa bajaji anapafahamu."

Shemeji yangu, baba yake kijana, akanikanyaga mguu. Mimi nikadhani anatafuta pa kukaa vizuri, nikasogea kule.

"Alhamdulillahi. Ila sisi hapa ni watu dhaifu, wageni hatuna cha kuwapa."

Nikamwonea huruma yule mzee. Nyumba ina bati jipya, pazia la kumetameta, na bado hana kitu. Nikamwambia asiumie moyo, tumekula nyumbani, wali na migebuka. Nikakanyagwa tena. Mguu uleule.

Kumbe zote zile zilikuwa milango! Mzee ananifungulia mmoja mmoja niingie niseme shida iliyotuleta, mimi naisukuma inajifunga. Jasho likaanza. Kanzu ya watu. Nikaona hapa nishike kitu ninachokijua, kilichoshiba. Nikasimama. Nikakohoa.

"Ndugu wazee, husika na kichwa cha habari hapo juu."

Mzee mmoja akatazama darini. Kweli tena.

"Kijana wetu anaomba kupatiwa binti yenu kwa kuwa sifa zote anazo. Ni matumaini yetu kwamba ombi hili litafanyiwa kazi mapema. Wako katika ujenzi wa Taifa."

Kimya. Pazia likatikisika. Kule ndani wanawake walikuwa wanacheka wameziba midomo kwa khanga, na khanga haizuii kitu, nilisikia. Yule wa ndevu akamwinamia mwenzake akauliza, taratibu kabisa, "Huyu wa halmashauri?"

Shemeji akachukua nafasi. Huyu shemeji kijiweni hasemi neno, huwa tunamsahau, kuna siku tulimsema akiwa amekaa hapohapo. Akaanza: "Wazee wetu, ndege alikuwa anapita zake, akaona mti una kivuli." Wazee wakaegemea ukuta. Wanaitikia. Ndege akatua, mti ukamuuliza anatokea wapi, kivuli kikaongezeka, ikaja habari ya kiota, mpaka nikasahau kilichotuleta. Nilitaka kujua ndege ataishia wapi. Hela haikutajwa hata mara moja, lakini bahasha tuliyokuja nayo sikuiona tena. Kahawa ikaja. Tende zikaja. Mimi nikapewa kikombe cha mwisho, kile chenye ufa.

Kurudi nikapitia kwenye makumbusho, pale kwenye miembe, ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Nilienda kutafuta faraja. Maana Stanley naye, jirani! Katembea toka pwani anamtafuta mtu, kampata, na kaandika mwenyewe kwamba alitamani kumkumbatia, akaogopa umati unaomtazama, akaishia kuvua kofia. Mimi namwelewa sana. Aliyejua la kufanya siku ile alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Alimwamkia Stanley kwa Kiingereza safi. Mwenzangu, Susi angeletwa kwenye posa ile tungeondoka na binti siku hiyohiyo.

Ndiyo ujue ugonjwa wangu. Treni ya reli ya kati hushusha watu wote hapa mwisho, Kigoma. Kiswahili changu kinashuka kituo cha nyuma. Kinanifikia nikiwa nimeshahama mahali.

Kwani iliishia hapo? Mama watoto kanituma Kibirizi, kwa wanaovusha mizigo toka Kongo, nikatafute vitenge vya harusi. Nimetoka Ujiji, kichwa bado kina ndege na mti. Nikasimama mbele ya mama mmoja, mzigo wake mkubwa, nikasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi ni mpita njia, nimeona kivuli." Akanitazama toka juu hadi kwenye ndala. "Papa, kama hauna franga, acha bintu ya batu."

Nikacheka. Sisi si huwa tunacheka? Eti Kiswahili cha Kongo. Nikasimama pale namcheka kwa ndani, mimi mwenye lugha yangu. Mara akapita ofisa kukagua mzigo. Mama akanyooka: "Shikamoo mkubwa, stakabadhi zote hizi hapa, naomba uzikague." Hata Baraza la Kiswahili, BAKITA, wangempa mkono. Ofisa kageuka, kaja mfanyabiashara wa Bujumbura, mama kaingia Kirundi, wanabishana bei na kuulizana watoto humohumo. Simu ikalia, Kifaransa. Kijana wa kubeba mzigo akazubaa, akagombezwa Kibembe, akakimbia. Mimi bado nimeshika ncha ya kitenge. Akanirudia: "Papa, bado uko?"

Na hicho Kiswahili chake kilitoka kwetu, ukitaka kujua. Kilivuka ziwa na misafara ya kina Tippu Tip na Rumaliza, karne ya 19, kikapanda Manyema huko, kikaoa, kikazaa. Nilipomwambia hivyo ili apunguze bei, alisema basi niende kwa hao kina Rumaliza wakaniuzie. Nikanunua kwa bei yake. Na nauli ikaishia humo, nikarudi Mwanga kwa mguu na kitenge kichwani.

Nafika nyumbani, mama mkwe kaja kutoka Kasulu. Waha na salamu unawajua: wanapiga makofi, wanauliza mtu, ng'ombe, mvua, wanarudia mwanzo. Nikasema huyu leo nitamweza. Nilishajifunza. Nikainama mlangoni, nikapiga makofi kwa nguvu, nikatamka, "Mwakeye, mama!" Akanyamaza. Akatazama dirishani. Ilikuwa saa mbili usiku na mimi namuuliza ameamkaje. Nikataka kurekebisha, mdomo bado uko Kibirizi, likanitoka lingine: "Batoto yote muzuri?" Hapo mama mkwe na bintiye wakahamia Kiha moja kwa moja. Sikuambulia kitu isipokuwa jina langu, likifika tu wanacheka. Lilifika mara nyingi. Mtoto wangu wa darasa la tatu alikuwa anaelewa yote, nikamuuliza wanasema nini, akasema, "Baba, kula tu."

Posa imekubaliwa, namshukuru Mungu na shemeji. Ujiji wameleta sharti moja: yule wa halmashauri asishike kipaza sauti. Kamati ya harusi ikakaa bila mimi, ikanipangia kazi ya kukaa nyuma ya ukumbi na jenereta. Nikafurahi sana. Jenereta haina shikamoo, haina ndege, haina kichwa cha habari. Ikizima unaita fundi.

Jana nimekwenda kuonana na fundi mwenyewe. Katoka Burundi juzi. Kiswahili bado hajui.