Tamthilia Iliyopigiwa Debe: Uingie au Upite Zako?

Mgeni akifika New York au London na akiba yake ndogo mfukoni, wenyeji humpa amri moja kabla hajafungua begi: lazima uione ile tamthilia. Ipi? Ile inayosemwa na kila mtu. Kesho yake utamkuta mbele ya dirisha la tiketi, mkono mmoja kwenye pochi na mwingine kichwani, akipiga hesabu ya nauli ya kurudia nyumbani. Mwongozo huu ni wake. Ninauandika kwa sababu naipenda tamthilia ya muziki kuliko sanaa nyingine zote za jukwaani, na huniuma kumwona mtu akikamuliwa fedha na onyesho lisilo na kitu cha kumpa. Huniuma zaidi kumwona mwingine akiipita kazi bora eti kwa kuwa imesifiwa mno.

Anza kwa kuchagua mashahidi. Usimwulize aliyelipa dola 800 kama onyesho ni zuri. Atasema aliiona pepo, na atasema hivyo hata kama alisinzia, maana nani atarudi nyumbani kumwambia mkewe kwamba fedha ya ada ya watoto imeliwa na usingizi? Usimwulize pia anayeziimba nyimbo zote jikoni ilhali hajawahi kukanyaga ukumbini. Huyo ni shahidi mzuri wa nyimbo, lakini mambo ya jukwaa hayajui. Na mkimbie kabisa anayejivunia kwamba hataiona kamwe kwa kuwa kila mtu ameiona. Huyo hazungumzii tamthilia, anajizungumzia mwenyewe. Shahidi unayemtaka ni yule aliyekwenda amechoka, kwa tiketi ya kupewa, akakaa kiti cha nyuma, kisha akakusimulia kisa kizima bila kutaja bei. Mwulize: ni wapi ulisahau kwamba umekaa kwenye kiti? Akikutajia mahali penyewe, mwamini. Akisema "pote", mshukuru na umwage.

Kisha hesabu viti. Chukua Hamilton, tamthilia ya Lin-Manuel Miranda iliyovuma kuliko zote za miaka yetu. Miranda alisoma kitabu cha Ron Chernow kuhusu maisha ya Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, akaisikia hip hop ndani ya maisha yale. Kazi ilianzia Public Theater ya New York mapema mwaka 2015, na Agosti mwaka huo ikafunguliwa Broadway katika ukumbi wa Richard Rodgers. Mwaka 2016 ilipewa tuzo ya Pulitzer ya tamthilia, ikateuliwa kuwania tuzo za Tony mara 16, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa, ikaondoka na 11. Sifa hizo ilistahili. Lakini ukumbi ule una viti kama 1,300, na tamthilia ya Broadway huonyeshwa kwa kawaida mara 8 kwa wiki. Zidisha mwenyewe: watu 10,000 na kidogo kwa wiki, katika jiji lenye wakazi zaidi ya milioni 8, bado hujawahesabu watalii. Hapo hata kazi ya wastani ikishasifiwa itazua foleni. Juni 2016 waandaaji walipandisha bei ya viti vya daraja la juu kutoka dola 475 hadi 849, na kwa walanguzi ilifika maelfu, hasa Miranda alipokaribia kuliacha jukwaa Julai mwaka huo. Walanguzi hao walitumia programu za kompyuta zinazozoa tiketi kwa wingi kabla binadamu hajamaliza kuandika jina lake. Desemba Marekani ikatunga sheria ya kuzipiga marufuku. Basi ukiona foleni imezunguka mtaa, imekueleza kwamba viti ni vichache na wanaovitaka ni wengi. Habari za tamthilia yenyewe kazitafute kwingine.

Anayebisha na aikumbuke Spider-Man: Turn Off the Dark. Muziki ulitungwa na Bono na The Edge wa kundi la U2. Mwongozaji alikuwa Julie Taymor, mwanamke wa kwanza kushinda Tony ya uongozaji wa tamthilia ya muziki. Gharama ilifika dola milioni 75 hivi, na hadi siku hiyo hapakuwa na onyesho la Broadway lililowahi kula fedha kiasi hicho. Waigizaji waliruka kwa nyaya juu ya vichwa vya watazamaji. Nani asingetaka kuona? Maonyesho ya majaribio yalianza Novemba 2010. Desemba mwigizaji mmoja alianguka na kuumia vibaya. Siku ya ufunguzi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, hadi wahakiki wakachoka kungoja na mwezi Februari wakaandika bila kualikwa, tena kwa ukali. Machi Taymor akaondolewa. Ufunguzi rasmi ukaja Juni 2011, baada ya maonyesho ya majaribio 182. Na watu walijaa! Wiki moja ya sikukuu za mwisho wa mwaka 2011 iliingiza zaidi ya dola milioni 2.9, rekodi ya Broadway wakati huo. Januari 2014 likafungwa, na waliowekeza wakabaki na hasara kubwa. Kuruka kulikuwepo kwa wingi. Kilichokosekana ni kisa cha kumfanya mtazamaji ajali kama anayeruka atatua salama.

Taymor huyo huyo ndiye aliyeiongoza The Lion King, iliyofunguliwa Broadway Novemba 1997 na bado inaonyeshwa huko, na kwa hiyo hapa tunaweza kulinganisha bila kumwonea mtu. Katika The Lion King mwigizaji huvaa kinyago juu ya kichwa huku uso wake ukiwa wazi, unamwona mnyama na unamwona mtu, na hakuna anayejaribu kukuficha kamba wala fimbo. Kila kifaa kinafanya kazi ya kusimulia. Ndiyo maana tembo anapopita katikati ya watazamaji mwanzoni watu wazima hulia, na hawalii kwa sababu ya bei ya tembo. Msomaji wa Kiswahili ana mtego wake wa pekee hapa: ataingia kwa fahari ya kuwasikia Simba na Rafiki wakiitwa kwa lugha yake. Fahari hiyo aingie nayo, ila ajue kwamba kwaya zile zinazotikisa ukumbi ni za Lebo M wa Afrika Kusini na sehemu kubwa ya maneno yake ni ya lugha za huko. Nenda kwa ajili ya dakika kumi za mwanzo, ukae ghorofa ya chini, kiti cha kando ya njia, maana wanyama hupita hapo. Wenye watoto wasiwaze mara mbili.

Je, wahakiki? Wasome, lakini soma wanaeleza nini, usiishie kwenye hukumu. Les Misérables ilipofunguliwa London katika ukumbi wa Barbican Oktoba 1985, magazeti mengi yaliiponda. Watu hawakungoja ruhusa, wakapanga foleni, na mpaka leo London ingali inaionyesha. Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na kweli zimepasuka nyingi. Carrie ya mwaka 1988 ilifungwa Broadway baada ya maonyesho rasmi 5 tu. Lakini The Phantom of the Opera ilivuma pale Broadway kuanzia Januari 1988 hadi Aprili 2023, maonyesho 13,981. Uvumi hautabiri lolote, wala ukali wa gazeti.

Kipimo ninachokiamini ni kimoja, nacho hakina gharama: zisikilize nyimbo kabla ya kununua tiketi, na usikilize kama mtu anayefuatilia kesi. Katika tamthilia ya muziki iliyo hai, mtu akianza kuimba yuko mahali pamoja, akimaliza yuko pengine. Ameamua jambo, au amelipoteza, au amejua asilolijua. Uondoe wimbo huo uone: kisa kikiendelea bila pengo, wimbo ulikuwa pambo. Ukikuta nyimbo tatu mfululizo za namna hiyo, funga pochi.

Hamilton ni mahali pazuri pa kujifunzia kipimo hiki, kwa sababu karibu yote huimbwa, na rekodi iliyotolewa Septemba 2015 ina nyimbo 46 zinazobeba takriban kisa kizima. Sikiliza nyimbo mbili zinazofuatana, "Helpless" na "Satisfied". Katika wa kwanza Eliza Schuyler anakutana na Hamilton kwenye dansi, anampenda, wanaoana. Mambo ni mepesi na matamu, ungedhani sehemu hiyo imekwisha. Kisha dada yake Angelica anasimama kuwatakia heri maharusi, na papo hapo jukwaa linaurudisha usiku ule nyuma, watu wanatembea kinyumenyume, na tunaiona dansi ile ile kwa macho yake. Yeye ndiye aliyemwona Hamilton kwanza. Yeye ndiye aliyempeleka kwa mdogo wake, na katika dakika chache za kuimba kwa kasi anapiga hesabu ya mali, ya ukoo, ya moyo wa mdogo wake na wa kwake, halafu anarudi kwenye harusi akiwa ameinua glasi. Uondoe wimbo huo na kila barua atakayoandika Angelica baadaye haina uzito. Renée Elise Goldsberry alipata Tony kwa nafasi hiyo, na mimi nasema wimbo huo peke yake unatosha kujibu swali la kwenda au kutokwenda. Ukiusikiliza mara mbili na bado ukaona ni kelele za haraka, usione haya. Tamthilia hii haikuandikwa kwa ajili yako, na jioni yako ina matumizi mengine.

Hapo niseme jambo ambalo wapiga debe hawalisemi. Hamilton ina maneno zaidi ya 20,000, mengi yakitamkwa kwa mwendo wa rapu, kwa Kiingereza chenye mambo ya bunge, madeni ya majimbo na vita vya karne ya 18. Aliyelelewa kwa Kiswahili, hata akiwa na Kiingereza kizuri cha ofisini, ataachwa nyuma mara nyingi akiingia mikono mitupu. Kwa hiyo soma maneno ya nyimbo nyumbani, taratibu, na kisa ukijue. Usiogope kuharibu utamu: wimbo wa kwanza kabisa unakutajia nani atamwua nani. Kuna kitu kimoja tu rekodi haina, tukio fupi ambalo Miranda aliliacha kwa makusudi ili watakaofika ukumbini wawe na lao, nami silitaji hapa.

Ukishaamua kwenda, usiende kwa mlanguzi. Hamilton imekuwa na bahati nasibu ya tiketi za dola 10, na kushiriki hakukugharimu chochote. Kibanda cha TKTS pale Times Square huuza tiketi za siku hiyo hiyo kwa bei iliyopunguzwa, ingawa zinazovuma zaidi hazifiki hapo kirahisi. Subira nayo ni punguzo: waigizaji wa kwanza wakishaondoka na tuzo zikishasahaulika, bei hushuka, na nyimbo ni zile zile. Kiti cha juu kidogo, katikati, ni bora kuliko cha mbele katika Hamilton, kwa kuwa jukwaa lake lina duara mbili zinazozunguka na michoro ya dansi ya Andy Blankenbuehler huonekana vizuri kutoka juu. Na iko filamu ya waigizaji wa kwanza, iliyopigwa ukumbini Juni 2016 na kuwekwa Disney+ tangu Julai 2020. Asiyeweza kwenda aitazame bila kujiona amepunjwa. Anayeweza kwenda aitazame kwanza pia. Ikimshika kwenye kochi, ukumbini itamshika zaidi.

Bado kuna uamuzi mmoja, na huja wakati wa mapumziko. Tiketi imeshalipwa, fedha hairudi, kwa hiyo usikae kwa ajili ya fedha. Jiulize ni nini unataka kujua katika sehemu ya pili. Kama huna jibu, chukua koti lako utoke, na usiku ni wako. Lakini ikiwa ni Hamilton, nakusihi usitoke hata kama vita na shamrashamra za sehemu ya kwanza vimekuchosha, kwa sababu uzito wote uko mbele: mabishano ya baraza la mawaziri yanayogeuzwa mapambano ya rapu, kashfa anayoiandika Hamilton kwa mkono wake mwenyewe, kifo cha mwanawe Philip, na Eliza aliyeishi miaka 50 baada ya mumewe na kuifanya kazi isiyokumbukwa na wengi. Nenda msalani mara taa zinapowaka, maana ukumbi wa Richard Rodgers ni wa mwaka 1925 na foleni ya wanawake ni ndefu kweli, na uwe kitini kabla hazijazimwa tena.