Ombi la Kuiingiza Foleni Katika Katiba

Kwa Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wabunge wote,
Bunge la Taifa, Nairobi.

Kutoka kwa mzazi, mtaa wa Jericho, Eastlands.
Agosti 2025.

KUH: ULINZI WA KIKATIBA KWA FOLENI YA BASARI

Waheshimiwa,

Pokeeni kwanza pongezi zetu. Huku Eastlands tulikuwa tumezoea kuona viti vitupu kila televisheni inapoonyesha Bunge. Katiba imewahurumia sana katika jambo hilo: kati ya wabunge 349, inadai 50 tu ili kikao kiendelee, na hata hao 50 kuna siku kengele huwatafuta kila pembe isiwapate. Lakini tarehe 1 Julai mlituziba midomo. Mswada wa kuiingiza NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneobunge inayotoa basari, katika Katiba ulihitaji kura 233, mkapata takribani 300. Waliokuwa wagonjwa walipona, waliokuwa safarini walirudi, na wa serikali wakaketi na wa upinzani bila mtu kukumbushana matusi ya mwaka jana.

Kinyozi wetu, ambaye mkianza tu kujadili elimu huzima sauti na kuweka gengetone, siku hiyo aliiacha mashine ikinguruma hewani na kichwa cha mteja kikiwa nusu. Akasema, "Kumbe hawa watu huwa wanaweza." Nami nikaona heri niandike kabla hamjatawanyika tena.

Ninachoomba ni kidogo. Kwa kuwa hazina inaingia katika Katiba, naomba foleni nayo iingie. Haifai kuilinda basari na kuwaacha nje wanaoisubiri.

Mnaifahamu fomu yake? Labda hamjaijaza siku nyingi. Ukurasa wa kwanza unataka jina la mtoto, shule, kidato na karo anayodaiwa. Ukurasa wa pili unauliza kama baba yupo, na kama hayupo, yuko wapi. Nafasi ya kulijibu swali hilo ni mstari mmoja. Kisha nakala ya kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo palipo na msiba, ripoti ya muhula uliopita, karatasi ya karo yenye mhuri wa shule, sahihi ya chifu, sahihi ya mchungaji au imamu. Nakala moja ni shilingi kumi kwa kijana wa saiba aliye mkabala na ofisi. Huyo naomba mumfikirie katika bajeti ijayo, maana katika mpango huu wote ndiye kijana pekee niliyemwona akipata kazi.

Foleni hiyo huanza kabla ya jua. Wenye watoto wachanga hukaa kwenye ukingo wa mtaro, wengine tunasimama, na saa nne hutokea bwana mwenye daftari anayetuambia tusonge kando kidogo tupishe gari. Jina la ofisi nalihifadhi. Eastlands ina maeneobunge mengi, na sitaki mengine yaone wivu.

Siku ya kugawa tunaitwa uwanjani. Hundi ni ya kadibodi, inamzidi kimo mtoto, ina mamilioni ya eneobunge zima na picha ya mheshimiwa akitabasamu. Wanafunzi wawili huishika huku na huku hadi mpiga picha aridhike. Baadaye, shuleni, zinafika elfu tano. Karo ya mzazi katika shule ya kitaifa ni 53,554. Lakini elfu tano ni elfu tano. Kuna watoto wa mtaa huu waliorudi darasani kwa sababu yake, na madarasa yaliyojengwa kwa hazina hiyo yana watoto ndani hivi tunavyoongea. Hapo ndipo mlipotupatia kweli: hakuna mzazi atakayesimama hadharani kuipinga akiwa na fomu mkononi.

Linganisheni na mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi, ambao hauna adabu hata kidogo. Unaingia kimyakimya kwenye akaunti ya shule, kiasi kilekile kwa mtoto wa mfuasi na wa mpinzani. Hauna picha wala mtu wa kushukuriwa. Hebu fikirieni hasara yake: shilingi 22,244 ziwe zinamfikia kila mwanafunzi wa sekondari kila mwaka, kwa wakati, na mama yake asijue ampigie nani kura!

Kwa bahati nzuri hatari hiyo iko mbali. Tarehe 24 Julai, mwezi uleule wa zile kura 300, Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia Kamati ya Elimu kwamba serikali haimudu kiasi hicho, na kwamba mtoto anapata kama 16,900. Kukawa na kelele, Rais akasema elimu itabaki bure, kelele zikapoa, na pengo la shilingi 5,344 likabaki palepale likisubiri mtu wa kuliziba. Mtu huyo ni mimi. Nikishindwa, nakuja kwenu na fomu. Msomi mmoja wa hapa mtaani anadai kwamba pengo ndilo linalozaa foleni, na foleni ndiyo inayozaa mheshimiwa. Nimemwambia aache siasa.

Mahakama nazo hazijawaelewa. Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliitupa sheria ya CDF ya 2013. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaitupa iliyofuata na kuipa hazina hadi tarehe 30 Juni 2026 ijifunge. Sababu yao ni nyepesi kiasi cha kueleweka hata kwa kinyozi: anayetunga sheria na kukagua matumizi ya serikali hawezi tena kuwa mwenye mradi, kwa maana atajikagua mwenyewe na kujipa alama nzuri. Mtu mwingine angezisoma hukumu hizo akarekebisha sheria. Nyinyi mliona mbali zaidi: sheria ikigongana na Katiba mara mbili, Katiba ndiyo ipishe. Na hamkuwa wachoyo. Katika mswada huohuo mkawatengea wawakilishi wa kike hazina yao na maseneta yao. Wahenga walisema kila mwamba ngozi huvutia kwake, lakini hawakuwahi kuona ngozi moja ikivutwa kutoka pande tatu na wavutaji wakaelewana.

Kwa hiyo naomba Kifungu cha 53, kinachompa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, kiongezewe maneno machache tu: "bure, kwa kufuata foleni." Cha 43, chenye afya na maji safi, kiongezewe hayohayo. Maji yenyewe tunayapangia mitungi tayari, kwa hiyo mtakuwa mnahalalisha desturi tu.

Kuhusu mijadala yenu ya elimu sina lawama. Nimeisikiliza ya kutosha hadi naweza kuiendesha mwenyewe. Mheshimiwa ana dakika kumi. Mbili za kumshukuru Spika kwa kumwona, tatu za kukumbuka alivyotembea pekupeku kwenda shule, mbili zinaliwa na hoja ya nidhamu ya mwenzake, moja ya kuomba radhi, moja ya kuwasalimu wageni walio kwenye roshani, na ya mwisho ya kuomba dakika moja zaidi. Sidhani kuna bunge jingine duniani lenye wajumbe wengi waliotembea pekupeku kama letu. Watoto wetu hapa Jericho wana viatu. Wanavivaa kwenda shule Jumatatu asubuhi, na wanavivaa kurudi nyumbani Jumatatu hiyohiyo saa tano, wametumwa karo.

Na vijana? Hapo ndipo mnaponifurahisha kuliko kote, kwa maana kila serikali mnayoipitishia bajeti hugundua upya kipaji chao. Mwaka 2009 ilikuja Kazi kwa Vijana. Kipaji kilikuwa kuzibua mitaro. Mwaka 2020 ikaja Kazi Mtaani, shilingi 455 kwa siku; kipaji kikawa kuzibua mitaro. Tangu 2024 tuna ClimateWorX, jina linalohitaji digrii kulitamka, na kipaji ni kusafisha Mto Nairobi, ambako mitaro yote ile huishia. Kifunguamimba wangu ana diploma ya umeme. Alipoandika barua ya kuomba kazi Industrial Area, kilomita chache kutoka hapa, akaulizwa uzoefu wake, alisema ukweli: mitaro, awamu mbili. Mlinzi wa langoni alimwonea huruma akamwelekeza kwenye mjengo mmoja wa ghorofa Umoja. Anabeba zege. Jioni anarudi na nguo zilizokauka zikawa ngumu, anaweza kuzisimamisha ukutani.

Najua mna kinyongo na vijana. Tarehe 25 Juni 2024 walikuja kwenu wenyewe, bila fomu na bila sahihi ya chifu, siku mliyoupitisha Mswada wa Fedha waliokuja kuupinga, kwa kura 195 dhidi ya 106. Nyinyi mlitoka kwa njia ya chini kwa chini. Baadhi yao walipigwa risasi na hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akakataa kuusaini mswada mlioupitisha, nanyi mkagundua kwamba hata nyinyi hamkuupenda sana.

Ndiyo maana nawaalika. Fanyeni kikao kimoja, kimoja tu, katika ukumbi wa Kaloleni, hapa jirani. Ukumbi huo una uzoefu wa kazi yenu. Tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, alisimama hapo akatoa hoja ya kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Hakudai marupurupu ya kikao wala mafuta ya gari. Tarehe 15 Mei alikamatwa, akazuiliwa hadi 1961. Hatuwaombi mfike huko. Njooni mjadili zile shilingi 5,344, kila mmoja dakika kumi, na za kutembea pekupeku tutazihesabu zimeshasemwa. Viti vya plastiki tutakodi. Njia ya chini kwa chini haipo. Mtatokea mlangoni, na mlangoni tutakuwa tumepanga foleni, kama kawaida.

Shule zinafunguliwa tarehe 25, kwa hiyo jibu likipatikana kabla ya hapo nitashukuru. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho, karatasi ya karo yenye mhuri, ripoti ya muhula uliopita na barua ya chifu. Sahihi ya mchungaji haijapatikana. Nimemfuata mara kadhaa, naambiwa ameitwa kubariki harambee ya mheshimiwa, na kwa kuwa Rais alipiga marufuku harambee za viongozi Julai mwaka jana, nimerekebishwa: ni hafla ya uwezeshaji.

Wenu mtiifu,
Mzazi wa Kidato cha Tatu, Jericho.

Nakala: Kijana wa saiba, kwa shilingi kumi.