Ukitaka Kuvuka Mfereji wa Panama na Kiboti Chako

Nahodha, kwanza acha kupiga honi. Mfereji huu ulifunguliwa mwaka 1914 kwa ajili ya meli za mizigo, na chumba kimoja cha malango ya zamani kina urefu wa mita 305 na upana wa mita 33 na nusu. Mashua yako ya mita 12, uliyoikopea benki ukaipa jina la mkeo, humo ndani ni dagaa katika pipa. Ukilikubali hilo mapema, utavuka salama.

Anza na vipimo. Mpimaji wa Mamlaka ya Mfereji huhesabu hata nanga iliyochomoza mbele na kila kinachoning'inia nyuma. Usibishane naye. Akiuliza mwendo wa injini, sema kweli, maana majigambo yako yatavuruga ratiba ya meli zilizo nyuma yako.

Halafu watu. Nahodha ni wewe, washika kamba wawe wanne, na Mamlaka itakupandishia mshauri. Kamba nazo ziwe nne, kila moja isipungue mita 38. Binamu aliyekuja kupiga picha hahesabiki: kamba inataka mikono yote miwili. Mshauri mpikie chakula cha moto, mpe maji ya chupa ambayo haijafunguliwa, umkalishe kivulini. Yeye ndiye anayeongea na watu wa malango kwa redio, usimshindishe njaa.

Kazi yenyewe iko kwenye malango ya Gatún, unakopanda vyumba vitatu hadi kwenye ziwa lililo mita 26 juu ya bahari. Wafanyakazi walio juu ya ukuta watakurushia ugwe mwembamba wenye kifundo kizito nchani. Funika paneli za sola kwa magodoro, kwa sababu kifundo kile kinapasua kioo. Fungia ugwe wao kwenye kitanzi cha kamba yako, waivute juu. Kamba mbili za omo na mbili za shetri ndizo zitakazokuweka katikati.

Lango likifungwa, maji ya ziwa huingia kutoka sakafuni bila pampu yoyote, yakichemka pande zote. Mashua inapanda, kamba inalegea. Hapo kila mshika kamba avute kidogo kidogo, bila kuacha, kamba ikiwa imezungushwa kwenye chuma chake. Asiizungushe mkononi kamwe, vidole hukatika. Mmoja akizubaa, mashua hukaa mshazari na zege likala ubavu wake. Na meli mliyoingia nayo, iliyo mbele yako, ikianza kuzungusha rafadha, maji yatakurudia kwa nguvu: msifungue kamba hata moja kabla mshauri hajasema.

Ukiambiwa usubiri uingie pamoja na meli, subiri kwa moyo mweupe. Meli moja ikivuka, takriban lita milioni 200 za maji baridi humwagika baharini, na ziwa hilo hilo linanywesha Jiji la Panama. Ukame wa 2023 ulilazimisha idadi ya meli kupunguzwa.

Mwaka 1928 Mmarekani Richard Halliburton aliuvuka mfereji kwa kuogelea, akatozwa senti 36. Wewe una mashua: weka kando zaidi ya dola elfu moja, na usipunguze hata senti moja kwenye kamba.