Anayepakia Akae Juu

Huko Ulaya kuna gari lenye kitanda, jiko, choo na meza ya kulia. Wastaafu wa Ujerumani na Ufaransa hulinunua, wakafunga nyumba ya matofali na kuondoka na nyumba ya magurudumu. Kinachowanyima usingizi humo si mwizi, ni upepo. Nyumba hiyo ina ubavu mpana kama ukuta wa kanisa, na mara nyingi imejengwa juu ya gari la kawaida la mizigo, Fiat Ducato kwa mfano. Lori kubwa likiipita kwenye barabara ya kasi, kwanza huisukuma pembeni, kisha huivuta kwake, na mzee aliyeshika usukani hujikuta anacheza rumba asiyoiomba. Mafundi wao wana ushauri mmoja wa kale: kizito kikae chini, tena katikati ya ekseli mbili. Maji yasijazwe bila sababu, maana lita 100 ni kilo 100. Pikipiki isitundikwe mkiani, kwa kuwa uzito wa mkiani huinua pua, na tairi za mbele zikipungukiwa uzito, usukani huwa mwepesi kama ahadi ya kampeni.

Sisi wa Malemba-Nkulu tusiwacheke, kwani nyumba ya magurudumu tunayo, na jina lake ni kamio. Kitanda kimo: magodoro matatu yaliyokunjwa na kufungwa kamba. Jiko limo: mbabula, na gunia la makala pembeni yake. Hata friji imo, nayo ni mbuzi aliye hai, ambaye nyama yake haijapata kuoza njiani. Tofauti ni moja tu: mzungu hukaa ndani ya nyumba yake, sisi tunakaa juu ya paa la yetu, juu ya magunia ya samaki wakavu, tumeshikana mabega kama kwaya. Nyumba hiyo ikilala ubavu, na hulala mara nyingi kuliko wenye nyumba, hukumu hutoka kabla vumbi halijatua: barabara ndiyo mbaya. Barabara ni mbaya kweli, na sitasimama kuitetea. Ninachosema ni kwamba imeshitakiwa peke yake, wakati mshirika wake yuko huru na anaendelea kupakia.

Tupige hesabu ndogo, ya mfano. Chukua kamio ambalo tairi za kushoto na za kulia zimeachana mita 1.8. Likipakiwa chini, kitovu cha uzito wake kikiwa mita 1.5 kutoka ardhini, upande mmoja lazima uzame karibu sentimita 93 ndipo lipinduke. Shimo la sentimita 93 lina haki ya kuitwa kisima. Sasa rundika magunia, kisha watu juu ya magunia, kisha magodoro na kinga mbili juu ya watu, mpaka kitovu kipande hadi mita 2.2. Sentimita 68 zinatosha. Hiyo ni hesabu ya kamio la chuma tupu lisiloyumba. Kamio halisi lina springi zinazolala upande ule ule, tairi zinazobonyea, na abiria thelathini ambao, wakisikia kuna shimo upande wa kulia, wote huinamia kulia ili walione. Mvua haikulichimba shimo zaidi ya jana. Sisi ndio tuliopanda juu kulifuata.

La kuchekesha ni kwamba elimu hii tunayo, wala hatukuipata kwa mafundi wa Ulaya. Mtazame anayesukuma kinga yenye mabidoni. Huyatundika chini, ubavuni mwa gurudumu la nyuma, kushoto na kulia sawasawa, na akiona upande mmoja umezidi hasubiri kamati, hupunguza. Mtazame mwenye mtumbwi kwenye Lualaba: gunia zito hulilaza sakafuni, na abiria anayesimama kupiga soga huambiwa akae, kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Hata reli, ambayo Kamina wanaijua vizuri, hupita juu ya vyuma viwili vilivyoachana milimita 1,067 tu, na watu wa reli huuwekea kimo mzigo wa behewa kabla halijaondoka. Kinga, mtumbwi na behewa vinajua. Kamio ndilo lililokosa darasa.

Kwa nini? Nadhani jibu liko katika swali la nani anakaa wapi. Anayesukuma kinga, ikianguka, humwangukia yeye. Mwenye mtumbwi huzama pamoja na unga wake. Kwenye kamio, anayepokea nauli na kuamua kwamba bado kuna nafasi ya mama mmoja na mabeseni yake hukaa kwenye kabini, chini, karibu kabisa na ule ushauri wa mafundi. Wanaokaa juu ni wale waliolipa. Kila gunia linaloongezwa huongeza pesa chini na kimo juu. Faida na hatari zimepanda gari moja, lakini si kiti kimoja.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, umaskini: kamio likipita kwa nadra, nani ataacha samaki wake waoze barabarani? Ni kweli, na sidai mzigo upungue hata kilo moja kabla hatujajaribu kuupanga. Kubadilishana nafasi kati ya gunia la chumvi na godoro hakugharimu hata faranga. Chumvi chini na magodoro juu ni uzito ule ule kwa nauli ile ile. Pili, mwendo: sisi tunakwenda polepole, mambo ya kuyumba ni ya barabara za kasi. Polepole husaidia kwenye kona, maana mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kutupa nje huwa mara nne. Shimoni haisaidii kitu. Kamio lililosimama kabisa, injini imezimwa na shofa anakula bukari, linaweza kulala ubavu kwa heshima zote. Tena kiangazi kikija na njia ikikauka, ule upole huondoka na matope, jambo linalonifanya nishuku kwamba haukuwa tabia ya shofa, ulikuwa tabia ya matope. Tatu, uzoefu: kamio hili limebeba hivi miaka yote na halijaanguka. Yai nalo hubaki zima kila siku isipokuwa siku moja. Nne, imani, ambayo siigusi. Nasema tu kwamba makamio mengi yameandikwa usoni kuwa Mungu yupo, ila ubavuni hayajaandikwa yabebe kilo ngapi, na hilo la pili halikuwa kazi ya Mungu.

Wengine watataka mizani, vizuizi na karatasi zenye mihuri. Naogopa kwamba kizuizi kipya kitapima mfuko wa shofa kabla ya kupima gari, na mzigo utaongezwa ili kulipia kipimo. Pendekezo langu halihitaji muhuri: anayepakia akae juu. Si adhabu, ni kiti tu. Mwenye mali, au yule anayeita abiria kwa niaba yake, apande mwisho, baada ya kinga mbili na mbuzi, ashike kamba kama wengine, na mama mwenye mabeseni akae kabini. Sitashangaa kabla ya kilomita ya kwanza kwisha tukisikia sauti kutoka juu ikiuliza kwa upole kama yale magunia ya chumvi hayawezi kushushwa chini kidogo.