Baba na Makosa 1,386

Kompyuta ya nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, inakaa sebuleni kati ya kabati la vyombo na cherehani ya Bibi, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho Mama hukiondoa kwa heshima zote kabla ya kuiwasha. Ni ya mezani, ya mtumba, ina Windows 7 na RAM ya GB 1, kiasi cha chini kabisa ambacho Windows 7 inakubali kufanya kazi nacho. Ukiiwasha asubuhi unawahi kuchoma maandazi kabla haijawa tayari. Lakini humo ndimo zilimo hesabu za kikoba cha Mama, na Mama ndiye mweka hazina: hisa za kila mwanachama, mikopo, faini za wachelewaji, mfuko wa jamii. Jumapili ile ilikuwa siku ya kuvunja kikoba. Kila mwanachama alishajua gawio lake litaishia wapi. Mmoja alishachagua hata rangi ya friji.

Baba alikuwa mhasibu kabla hajastaafu, na mtu wa namna hiyo haambiwi kuna makosa mahali akaendelea kula. Ijumaa jioni alikuwa akicheza karata zake kwenye kompyuta, kikachomoza kidirisha: kompyuta yako ni nzito kwa sababu rejistri yake imeharibika, bofya hapa uipime bure. Akabofya. Mstari wa kijani ukajaa taratibu, nambari zikakimbia, zikasimama kwa rangi nyekundu. Makosa 1,386.

"Mama watoto, hebu njoo uone," akaita. "Makosa elfu moja mia tatu na ushee, humu ndani mwangu!"

"Ya nani?" Mama akauliza kutoka jikoni.

"Ya Rejistri."

"Basi mwambie ayarekebishe mwenyewe. Mimi nina samaki jikoni."

Kwa asiyemfahamu huyu Rejistri: Windows huweka mipangilio yake karibu yote katika hifadhi moja kuu. Humo mna habari za programu zilizomo, kila kifaa kinaamshwa vipi, faili ya aina gani ifunguliwe na programu ipi, hata picha inayokaa nyuma ya skrini. Zamani mipangilio hiyo ilitapakaa katika vijifaili vyenye mkia wa .ini, ni tangu Windows 95 ndipo rejistri iliposhika usukani. Ni kama daftari la Mama la kikoba: waliojitoa zamani majina yao bado yamo kurasa za nyuma, na hakuna anayekosa gawio kwa sababu hiyo.

Programu za kusafisha rejistri kazi yake ni kuyahesabu majina hayo moja moja na kuyaita makosa. Umeondoa programu ikaacha mistari arobaini nyuma yake, hayo ni makosa arobaini. Umehamisha wimbo kutoka folda moja kwenda nyingine, kosa jingine hilo. Ilhali rejistri ya kompyuta ya kawaida ina mistari kwa maelfu mengi sana, na Windows haiisomi kuanzia juu hadi chini. Inakwenda moja kwa moja kwenye ufunguo inaoutaka. Kung'oa mistari elfu isiyotumika hakumfanyi mtu aone tofauti yoyote. Microsoft wenyewe waliwahi kutoa kisafishaji chao, RegClean, miaka ya 1990, kisha wakakiondoa, na leo msimamo wao ni kwamba hawaungi mkono programu za aina hiyo.

Biashara yenyewe ina historia chafu. Septemba 2008, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington, Marekani, alikwenda mahakamani kuwashitaki wauzaji wa Registry Cleaner XP. Watu walikuwa wakiletewa kwenye skrini tangazo lililojifanya onyo la kompyuta yenyewe, kwamba rejistri imeharibika, kisha wanauziwa dawa kwa dola 39.95. Kupima bure, kutibu kwa fedha. Mganga wa kienyeji angalau anakusikiliza kwanza.

Baba hakuwa tayari kutoa dola hata moja. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kukosa kitu kinachohitaji kulipiwa, akasema hiyo programu anayo rafiki yake wa steshenari, "full kabisa". Baba akauliza kama ni halali. Mdogo wangu akajibu kwamba inafanya kazi. Baba, aliyetumia maisha yake kukagua vocha za wenzake, jibu hilo akalipitisha.

Ikaja kwenye flashi, ikawekwa, Baba akabofya kile kitufe cha kurekebisha yote kwa mpigo. Mama alikuwa bado hajui. Dada yuko ukumbini anapiga pasi vitenge vya sare ya kikoba, rundo hadi kiunoni, maana Jumapili wote walitakiwa watoke rangi moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwa moto muda wote hula uniti moja kwa saa, na uniti za LUKU zilizobaki hazikuwa za kushindana na rundo lile. Mita ililia. Hakuna aliyeisikia, kwa sababu Bibi alikuwa amefungulia taarabu kwa sauti yake anayoipenda, ambayo ndiyo ya mwisho. Ile betri ya akiba ya kompyuta, iliyonunuliwa hasa kwa ajili ya saa kama hiyo, ilishakufa siku nyingi na sasa ndiyo stuli ya redio.

Giza likaingia mstari wa kijani ukiwa umefika katikati.

Kununua umeme kwa simu si kazi; kazi ni zile tarakimu 20. Baba alizisoma kwa mwanga wa simu nne nne, mdogo wangu akizibonyeza kwenye mita, Dada ameshika pasi iliyopoa, Mama kila mara akiuliza nani alisema uniti zipo. Mita ikakataa. Kumbe nane ilisomwa tatu, miwani iko mezani. Ikarudiwa, taa zikawaka, Bibi akashangilia peke yake, kompyuta ikawashwa. Skrini ikabaki nyeusi na maandishi meupe ya Kiingereza: faili \Windows\System32\config\system, hali 0xc000014c, Windows imeshindwa kupanda kwa sababu faili ya rejistri haipo au imeharibika.

Hapo nitaitetea Windows kidogo. Umeme kukatika peke yake aghalabu hakuiui rejistri. Mabadiliko yake hulindwa na faili za kumbukumbu zinazokaa kando, SYSTEM.LOG1 na mwenzake, ili mashine ikizimika ghafla ijue ilikuwa imefikia wapi. Ndiyo maana kompyuta zetu zinazimwa kwa nguvu kila wiki na zinaamka. Lakini programu ya kuokota inayofuta mamia ya mistari kwa mkupuo, juu ya diski iliyozeeka, na umeme unaondoka papo hapo, hiyo ni kuitafutia kinga mwisho wake.

Mama akaelezwa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowatisha. Alikaa kwenye kochi, akauliza swali moja tu: mikopo ya miezi hii ya karibuni imeandikwa wapi pengine? Haikuandikwa popote. Baba mwenyewe ndiye aliyemshawishi aachane na daftari la karatasi, kwamba limepitwa na wakati.

Usiku huohuo akaitwa kijana fundi simu wa mtaa wa pili. Alitazama skrini akiwa amesimama, hata funguo za pikipiki hakuziweka chini.

"Hii unapiga window tu, mzee. Saa moja nyingi."

"Na hesabu zangu?" Mama akauliza.

"Zinafutika, mama, ila kompyuta inakuwa nyepesi sana."

"Mwanangu, Jumapili nikawagawie wenzangu wepesi?"

Kijana aliaga kwa adabu. Mimi nikapigiwa simu, nikafika Jumamosi asubuhi na diski ya Windows 7, nikaamkia wakubwa, nikapewa chai, na kabla sijaimaliza nikasukumiwa kiti mbele ya ile mashine. Familia nzima ikajipanga nyuma yangu. Baba alikaa mbali kidogo, na gazeti.

Ile njia ya Windows kujitibu yenyewe ilizunguka mpaka Bibi akamaliza kuchagua mchele wa mchana, ikasema haiwezi. Nikafungua kile kidirisha cheusi cha amri, na hapa ndipo penye siri ninayowapa watu wote kwa sababu imeokoa mengi. Ukiandika notepad humo, kinafunguka kile kidaftari cha kawaida cha Windows. Ukienda kwenye menyu yake kama unayetaka kufungua faili, ukachagua kuonyeshwa faili za aina zote na si za maandishi peke yake, mbele yako yanatokea makabrasha yote ya kompyuta. Unaweza kubofya kulia, kunakili na kubandika. Usishtuke ukiikuta C tupu. Ukiingia kwa mlango huo herufi huhama, na vitu vyako mara nyingi utavikuta D. Ndivyo ilivyokuwa. Nikafungua D, jina la Mama, nyaraka zake, na kikoba kile pale.

"Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo!" Mama akanishika bega.

Nikanakili kwenye flashi, nikaichomeka kwenye simu, tukaifungua, tukaona mkopo wa mwisho kabisa na jina la mkopaji. Mama akaipokea ile flashi kwa mikono miwili, akaifunga fundo kwenye pindo la kanga pale anapofunga fedha, na toka hapo hadi Jumapili jioni hakuna aliyeiona tena.

Baada ya hapo hata ningeiharibu mashine kabisa, nyumba ingelala. Niliikagua diski kwa chkdsk, kazi ndefu isiyo na habari. Kisha nikaingia Windows\System32\config, ambamo kuna folda iitwayo RegBack. Windows 7 ina kijikazi chake kisichojitangaza: kila baada ya siku kumi hivi, mashine ikiwa imetulia, inachukua nakala ya rejistri na kuiweka humo. Na mashine hii hutulia sana, kwa sababu Baba huiacha inawaka na karata zake mezani akaenda barazani kunywa kahawa. Tabia ambayo Mama ameilalamikia miaka yote kwa ajili ya umeme ndiyo iliyotuwekea nakala. Baba alipoelezwa hilo, gazeti lilishuka.

Nikatazama ukubwa wa faili kwanza, maana zikisoma sifuri hakuna nakala humo. Hazikuwa sifuri. Ile SYSTEM mbovu nikaibadilisha jina, sikuifuta, nikanakili SYSTEM ya RegBack mahali pake, nikawasha upya. Muziki wa Windows ukalia. Bibi akauliza kama ndiyo wimbo wenyewe tuliokuwa tunaungoja tangu jana.

Printa iliyowekwa wiki ileile rejistri hiyo ya zamani haikuijua, ikabidi iwekwe upya. Kikoba kikavunjwa Jumapili kama kilivyopangwa, majedwali yamechapwa, sare zimenyooka isipokuwa vitenge vitatu ambavyo umeme uliviacha njiani. Programu ile ya kusafisha tuliiondoa. Uzito wa kompyuta uliisha alipokuja fundi mwingine na brashi: feni ilikuwa imefungwa na vumbi, ndani mna antivairasi mbili zinazogombana, na RAM ikaongezwa GB 2 za mtumba. Rejistri haikuwa na hatia tangu mwanzo.

Wewe mwenye Windows 10 nyumbani usijivunie RegBack hii. Tangu toleo la 1803 nakala hiyo haichukuliwi tena yenyewe, kwa hiyo washa ulinzi wa mfumo uwe na mahali pa kurudi. Na kwa mwenye Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020: mpigie simu leo yule anayeitumia nyumbani kwenu, umuulize nakala ya pili ya hesabu zake iko wapi. Akikujibu kwamba imo humohumo kwenye kompyuta, nenda na flashi.